Damu Isiyorudi Nyekundu

Hospitali ya Wilaya, Wodi ya Wazazi
11 Februari 1973

Wifi yangu Chupa,

Usishtuke kuona bahasha yangu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama hajambo, anakula, anagombana na redio kama kawaida yake. Binti yetu naye ameanza kutoka nje. Tangu mtoto wake asikae, Novemba ile, alikuwa hataki hata dirisha lifunguliwe, lakini wiki hii amerudi shuleni kufundisha. Kwa hiyo hii si barua ya msiba.

Nakuandikia kama mkunga, si kama mjane wa kaka yako. Tangu Oktoba nimepokea watoto saba waliozaliwa wazima. Walilia vizuri, wakanyonya, wakaenda kwao. Siku ya tatu au ya nne wakarudishwa wamegeuka manjano mpaka kwenye nyayo. Manjano ya kawaida naijua, miaka kumi na tisa niko kazini. Unamsogeza mtoto dirishani, siku chache imeisha. Hii haiishi. Mtoto anaacha kunyonya, analegea kama kitambaa kilichoroa, halafu anajipinda mgongo kwa nyuma. Watatu wamekufa. Mmoja amepona, lakini nikipiga makofi nyuma yake hageuki.

Mganga Mkuu wetu anasema ni damu ya mama kutopatana na ya mtoto. Nimemwekea kadi mezani: watano kati ya saba damu zinapatana bila shida. Akaniambia nirudi kwenye kazi yangu. Nimerudi, ila nimehesabu kitu. Sita kati ya saba ni wavulana.

Wewe ndiye mwanamke wa kwanza kwetu kusomea mambo ya ndani ya damu mpaka mwisho wa kusoma. Upo hapa ukutani, kwenye kalenda ya Taasisi yenu, mwezi wa Machi, umeshika bomba la kioo. Nikiwaambia wauguzi wapya kwamba yule ni wifi yangu, na kwamba nyumbani tunamwita Chupa kwa sababu alipokuwa mdogo alijaza chupa tupu za dawa chini ya kitanda cha mama yake, wanacheka wakidhani natunga. Niambie niangalie nini.

Wifi yako,
Mkunga


Taasisi
20 Februari 1973

Wifi Mkunga,

Barua yako niliisoma nimesimama koridoni, nikaisoma tena nimekaa. Hilo la wavulana asije mtu akakuambia ni bahati tu.

Nikueleze kwa kifupi. Ndani ya kila chembe nyekundu ya damu kuna vimeng'enya. Vifikirie kama mafundi kwenye karakana, kila mmoja na kazi yake. Yupo mmoja ambaye kazi yake ni kuilinda chembe isiunguzwe na sumu ndogo ndogo. Kuna watu wanazaliwa wakiwa na upungufu wa fundi huyo. Wanaishi vizuri, wanacheza mpira, wanazeeka. Lakini kikiingia mwilini kitu fulani, dawa ya aina fulani kwa mfano, chembe zao zinapasuka kwa wingi mara moja, na ile manjano unayoiona ni mabaki ya damu iliyopasuka. Mama ndiye anayempa mtoto wa kiume upungufu huo, na wavulana ndio wanaoumia zaidi. Nchi za wengine wameandika. Kwetu hakuna aliyetazama. Miaka mitatu naomba nitazame mimi.

Kwa hiyo tuna maswali mawili. Je, watoto wako wana upungufu huo? Na kama wanao, ni kitu gani kimemwingia mtoto wa siku tatu ambaye hajala kitu zaidi ya maziwa ya mama?

Nitumie damu. Za watoto waliobaki, za mama zao, na za kaka zao ukiwapata. Tumia vile vichupa vyenye dawa ya kuzuia damu isigande, uvizungushie barafu, umpe dereva wa gari la chanjo linaporudi mjini Jumatatu. Andika jina langu juu ya sanduku. Mambo ya fomu niachie mimi. Maabara yangu iko tayari.

Msalimie Mama.

Chupa


Wodi ya Wazazi
22 Machi 1973

Wifi,

Sanduku lilitoka hapa Jumatatu ya tarehe 26 Februari. Vichupa tisa. Barafu niliiomba kwa mwenye duka la nyama, nikaizungushia mwenyewe maranda ya mbao ili isiyeyuke haraka. Kumpata baba mmoja akubali nilikaa sebuleni kwake saa nzima. Alikuwa na hakika kwamba damu ya watoto inapelekwa kuuzwa. Niliwaahidi wote majibu baada ya siku kumi.

Leo ni siku ya ishirini na nne. Mama wa yule mtoto asiyesikia anapita wodini kila akienda sokoni. Haulizi tena, anasimama tu mlangoni akinitazama. Mtoto wa nane ameletwa juzi. Mganga Mkuu ameniita ofisini na kuuliza nani kanipa ruhusa ya kutoa damu kwenye wodi yake. Nilimjibu kwamba ni utafiti wa Taasisi. Sasa niambie, ni utafiti wa Taasisi au nimesema uongo?

Mkunga


Taasisi
2 Aprili 1973

Wifi,

Pole kwa kusubiri. Sampuli zilifika zimeharibika, chembe zote zimepasuka, hazipimiki. Inaonekana barafu haikutosha kwa safari ndefu kama ile. Mara nyingine uongeze, na vichupa visigusane.

Kazi ni nyingi huku, wageni hawaishi. Nitakuandikia nikipata nafasi.

Chupa


Wodi ya Wazazi
19 Aprili 1973

Wifi,

Nilipopata barua yako niliwaita wale akina mama, nikawaambia kosa ni langu, sikufunga barafu vizuri. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Wawili walinihurumia, na kuhurumiwa kule ndiko kulikoniuma.

Jumatatu iliyopita nilimwuliza dereva wa gari la chanjo anifundishe namna ya kufunga barafu, maana yeye ndiyo kazi yake. Akashangaa. Akatoa kitabu chake cha kupokelea mizigo. Sanduku letu lilipokelewa Taasisi tarehe 27 Februari, saa mbili asubuhi, na karani wa mapokezi ametia sahihi. Dereva anasema barafu ilikuwa nzima, aliigonga kwa kidole mbele ya karani. Wiki iliyofuata alipeleka mzigo mwingine, akalikuta sanduku letu palepale chini ya benchi la mapokezi, linachuruzika maji. Alipouliza mbona mwenyewe hajalichukua, karani akamwambia, "Yule mama hana maabara siku hizi."

Sikuulizi kama ni kweli. Nakuuliza mimi nilikukosea nini mpaka unibebeshe.

Mkunga


Taasisi
27 Aprili 1973

Wifi yangu,

Kila alichosema dereva ni kweli.

Ni mwaka wa pili sasa sina meza ya kazi. Nilipandishwa cheo. Naitwa Mshauri Mwandamizi wa Uelimishaji, nina chumba cha chini chenye makochi na kabati la kioo la kuwekea ngao. Kazi yangu ni kuwapokea wageni, kwenda mashuleni kuwaambia wasichana wasome sayansi, na kukaa mstari wa mbele siku za sherehe. Meza yangu wamempa kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika bomba. Amerudi na shahada kutoka nje na hapa wanamwita Msomi. Ile picha ya kalenda nilipigwa mezani kwake. Bomba lilikuwa tupu. Mpiga picha aliniambia nilitazame kama lina kitu.

Sampuli yoyote ikifika mapokezi inahitaji fomu yenye muhuri wa mkuu wa kitengo. Mimi si mkuu wa kitengo chochote. Nilijua hivyo nilipokuandikia "mambo ya fomu niachie mimi". Nilidhani nitamwomba mtu anigongee muhuri. Wa kwanza alikuwa safarini, wa pili aliniambia nipite kesho, na kesho yake akaniambia nipite kesho. Hakuna hata aliyeniambia hapana, wifi. Kama wangeniambia hapana ningejua pa kusukuma. Siku ya tisa nilijichukulia lile sanduku kwa nguvu. Damu ilikuwa imekwisha kuwa maji mekundu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu Mama huwaambia watu kwamba bintiye ana maabara. Kwa sababu nilikuwa nimeandika "maabara yangu iko tayari" na mkono wangu haukuweza kuandika kinyume chake. Nikaona ni rahisi kosa liwe la barafu. Sikufikiri kwamba barafu ni wewe. Waambie wale akina mama kwamba aliyeharibu ni mimi, na jina langu ulitaje.

Sasa sikiliza. Hatuhitaji mapokezi tena. Kipo kipimo kingine kisichotaka mashine, nimesoma kinavyofanywa kwingine na nimekirahisisha. Ndani ya kifurushi hiki kuna chumvi maalumu, sukari ya glukosi na rangi ya bluu, vyote vimepimwa kwenye vijikaratasi. Unatia kijikaratasi kimoja kwenye kichupa, unaongeza damu kidogo, unatikisa taratibu, unakiweka kwenye beseni la maji yenye joto la mwili kwa saa tatu. Damu itageuka kahawia. Baada ya hapo damu nzima inarudi nyekundu. Iliyopungukiwa inabaki kahawia kama chai ya rangi. Ya mwanamke aliyeubeba bila kuugua inaweza kukaa katikati. Angalia jambo moja: mtoto aliyekwisha kupoteza damu nyingi anaweza kukudanganya, basi pima na mama yake na kaka zake.

Msomi huniachia mlango Jumamosi jengo likiwa tupu. Hatuzungumzi sana. Anaona aibu, nami namwonea aibu kwa kuona kwake aibu.

Chupa


Wodi ya Wazazi
30 Juni 1973

Wifi,

Bado sijakusamehe sawasawa, lakini kipimo kinafanya kazi.

Nimepima watu mia moja na kumi na wawili. Beseni naliweka chumba cha kuchemshia vyombo, na kipimajoto nimekifunga kwa uzi ukingoni. Watoto wa manjano sasa wamefika kumi na mmoja, na katika familia tisa kati yao damu ilibaki kahawia. Kwa hiyo fundi wako kweli hayupo. Lakini hapo ndipo kichwa kiliponiuma, maana nimepata wavulana wengine ishirini na wawili ambao damu yao ni kahawia vilevile na ni wazima, wananyonya, wananenepa.

Nikaanza kwenda majumbani. Niliuliza mama alikula nini, alimeza dawa gani, mtoto alipakwa nini, aliogeshwa kwa maji gani. Wiki sita nimezunguka na viatu vimekwisha soli. Sikupata kitu. Kisha Jumanne moja akaletwa mtoto wa siku nne, kavalishwa sweta zuri la kufumwa. Nilipomnyanyua begani nikasikia harufu. Ni ile ya vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza nondo na mende. Nikamwuliza mama yake sweta limetoka wapi. Akasema lilikuwa la mtoto mkubwa, lilikuwa sandukuni miaka minne.

Nilirudi nyumba zote. Katika familia zile tisa, nane walimvisha au kumfunika mtoto kwa nguo zilizotoka sandukuni zikiwa na vidonge vile, bila kufuliwa, maana nguo ilionekana safi. Wale wavulana ishirini na wawili walio wazima, ishirini walivaa nguo mpya, au za kuazima, au zilizofuliwa na kuanikwa. Hicho ndicho kinachowaingia, wifi. Wanakivuta puani na ngozi yao inakinywa.

Sasa nimefunga mlango, nikuambie la mwisho.

Mtoto wa binti yetu hakuzaliwa mfu kama nilivyowaambia wote. Aliishi siku sita. Ni mmoja wa wale saba. Alipozaliwa nilifungua sanduku la kaka yako, nikatoa blanketi lake la sufu ambalo nimelitunza miaka kumi na moja. Kila mwaka nilikuwa naongeza vidonge ili lisitobolewe. Nilitaka mjukuu afunikwe kwa kitu cha babu yake. Siku ya tatu nilimwona amekuwa manjano, nikamwambia binti yetu amsogeze dirishani. Mimi, wa miaka kumi na tisa kazini. Binti yetu alikuwa amelazwa kwangu wodini na homa kali siku zile, hakumbuki sawasawa, na mimi nikamkumbushia nilivyotaka.

Nimeandika. Usinijibu haraka.

Mkunga


Taasisi
11 Julai 1973

Wifi yangu, mama wa watoto wa kaka yangu,

Nimejaribu kutokujibu haraka, nimeshindwa.

Blanketi lile lingemfunika mtoto asiye na upungufu, asingedhurika. Jumamosi moja ya Machi, nilipokuwa nakijaribu kipimo, damu ya kwanza niliyotia ilikuwa yangu. Ilikaa katikati, wala nyekundu wala kahawia. Sikukuambia kwa sababu sikuona inahusu. Nimeubeba upungufu mimi, kwa hiyo yumkini Mama ameubeba, na kaka alizaliwa nao, na kila binti wa kaka lazima aupate kwake. Umetoka kwetu. Wewe umeleta blanketi, sisi tumeleta damu, na hakuna kati yetu aliyejua.

Unakumbuka kaka alivyokufa. Alipewa vidonge vya homa, siku ya pili mkojo ukawa mweusi kama kahawa, siku ya tano akaondoka. Sina ushahidi na sitaupata. Lakini wewe uliyejilaumu kwamba ulimchelewesha hospitali, nakuomba uache.

Mwambie binti yetu. Najua ninachokuomba. Anaweza kuzaa mvulana mwingine, na haki yake ni kujua cha kuepuka.

Ripoti nimeiandika siku nne. Kurasa kumi na moja, jina lako la kwanza, langu la pili. Pendekezo liko ukurasa wa mwisho, mistari miwili: akina mama waonywe nchi nzima wasimvishe mtoto mchanga nguo zilizokaa na vidonge vile kabla hazijafuliwa na kuanikwa juani, na mtoto yeyote aliyegeuka manjano apimwe. Nimempelekea Mkurugenzi mkononi. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaniuliza huyu wa kwanza ni daktari wa wapi. Nikamwambia ni mkunga. Akasema ataipitia.

Chupa


OFISI YA MKURUGENZI
3 Septemba 1973

Mshauri Mwandamizi wa Uelimishaji

Yah: RIPOTI KUHUSU UMANJANO WA WATOTO WACHANGA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Ofisi hii inakupongeza kwa moyo wa kujitolea. Hata hivyo Kamati imebaini kuwa ripoti imewasilishwa na mtumishi asiye katika kada ya utafiti, kwa kushirikiana na mtumishi wa wodi asiye na sifa za kuwa mwandishi wa kazi ya kisayansi, na kwamba utafiti haumo katika mpango wa mwaka. Aidha, maelezo yanayohusu masanduku ya nguo hayana uzito wa kitaalamu na yanaweza kuleta taharuki kwa umma.

Kamati inashauri kazi hii iwasilishwe upya chini ya kitengo cha maabara, kwa jina la mkuu wa maabara husika, baada ya kuondolewa sehemu tajwa. Itajadiliwa katika kikao cha Machi mwakani.

Pamoja na barua hii, unaombwa kuandaa hotuba fupi ya maadhimisho ya Taasisi, ukiwa mwanamke wa kwanza katika fani yako.

Nakutakia kazi njema.

Mkurugenzi


Wodi ya Wazazi
14 Septemba 1973

Wifi,

Nimesoma nakala uliyonitumia. Nimemsomea na Mama, akaniuliza "taharuki" ni ugonjwa gani.

Jina langu liondoe. Andika hata la dereva. Watoto wangu hawasomi majina. Ila ule mstari wa masanduku usitoke, maana ukitoka, kilichobaki ni karatasi tu. Machi ni miezi sita. Kwenye wodi hii peke yake, miezi sita ni watoto mia nne.

Nimemwambia binti yetu. Nilimweleza yote, la blanketi na la dirisha. Alichukua shuka lake akaenda kulala kwa mwalimu mwenzake, na kwa siku tisa hakukanyaga hapa. Nilidhani nimempoteza. Siku ya kumi alikuja jioni, akaniambia, "Mama, ungeniambia Novemba ningekuchukia. Sasa nimechoka, sina hata nguvu ya kuchukia. Tufanye nini?"

Tumefanya hivi. Wakunga tuliosoma pamoja tuko thelathini na mmoja, tumetawanywa kila kona. Nimeandika barua moja, nusu ukurasa, nikaeleza habari ya nguo na habari ya beseni. Binti yetu anazinakili kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Ishirini zimekwisha. Dereva na wenzake wa magari ya chanjo wamekubali kuzifikisha. Nataka vijikaratasi vya dawa, vingi kadiri unavyoweza.

Nikikumbuka unaambiwa uandae hotuba, natamani kuvunja kitu.

Mkunga


2 Oktoba 1973

Wifi,

Nilikwenda kwa Mkurugenzi. Nilimwambia majina yetu yote mawili yatoke, liwekwe la Msomi, liwekwe la mtu yeyote, ila mistari miwili ya mwisho ibaki na itoke sasa, si Machi. Alinisikiliza kwa adabu zake zote. Akasema Taasisi haiwezi kuhatarisha heshima yake kwa harufu ya nguo.

Nikamwambia, "Mzee, watoto wanakufa kati ya leo na Machi. Nikuhesabie?"

Akasema, "Usinihesabie. Wewe hapa umefanywa mtu. Picha yako iko kila hospitali. Usiitupe kwa ajili ya mkunga."

"Huyo mkunga amefanya utafiti mmoja mwaka huu," nikamwambia. "Jengo hili lote halijafanya hata huo."

Hapo adabu zikaisha. Alikwisha kusikia habari ya barua zenu kwenye magari ya chanjo. Akanipa siku tatu: niandike kwa mkono wangu kwamba zile barua si za Taasisi na zisifuatwe, au niachie kazi na nyumba ya kazi. Sikuhitaji siku tatu, lakini nilizitumia.

Msomi nilimkuta Jumamosi mezani kwake. Ataiweka ripoti kwa jina lake, na mistari ile ameikata. Ana watoto watatu na mkataba wake haujathibitishwa. Hakunitazama usoni akiniambia. Halafu akafungua droo. Ndani kulikuwa na vijikaratasi mia tano, amevipima mwenyewe jioni nne mfululizo, kila kimoja amekiandika mwandiko mdogo. Akasema hivi haviko kwenye kumbukumbu yoyote. Sikujua nimshukuru au nimzabe kofi. Nilivichukua.

Nina hasira, wifi, na sitaki mtu aje aniambie imekuwa heri. Miaka ishirini na mbili nimewapa. Nilivumilia makochi yao nikiamini kwamba siku moja mlango utafunguliwa kwa ndani, na kwamba mtu aliye ndani tayari ndiye atakayeufungua. Sikufungua kitu. Hotuba sikuandika. Barua ya kuacha kazi ilikuwa na mistari mitatu, na karani wa mapokezi aliikataa kwa sababu haina muhuri wa mkuu wa kitengo. Niliiacha juu ya benchi.

Mkuu wa shule ya binti yetu amekubali nifundishe kemia. Nitafika Alhamisi ya wiki ijayo. Chumba msinihangaikie, nitalala na Mama. Kwenye kile chumba chenu cha kuchemshia vyombo nitafutieni tu meza isiyotikisika.

Chupa


Zahanati
6 Februari 1974

Kwa Mkunga Chupa, Wodi ya Wazazi

Dada, hatujuani. Jina lako nimelikuta chini ya barua ya nusu ukurasa iliyoletwa na gari la chanjo, pamoja na la mkunga mwenzako niliyesoma naye zamani. Samahani kwa kukuandikia moja kwa moja. Nadhani nawe ni mkunga wa siku nyingi.

Vijikaratasi kumi mlivyonipa vimekwisha. Wavulana watatu walibaki kahawia. Wawili nimewahi nguo zao, hawajambo. Wa tatu nguo sikuziwahi, walimvisha usiku ule ule, nasi hatuna njia ya kumbadilisha damu. Tumemzika.

Jana umefika waraka rasmi wenye muhuri wa Taasisi. Mkunga mwenzako aliniandikia kwamba wangengoja kikao chao cha Machi, kumbe hawakungoja. Waraka unasema umanjano wa watoto unatokana na upungufu katika damu, na kwamba utafiti unaendelea. Habari ya nguo hausemi neno. Msimamizi wangu ameubandika ukutani na kuniambia barua yenu niitoe, ukutani hakukai karatasi mbili za jambo moja. Leo kuna wanne wamejifungua na nguo zao nimezinusa, zinanuka vidonge. Nifuate ipi?

Mkunga wa Zahanati


Wodi ya Wazazi
15 Februari 1974

Dada Mkunga,

Barua yako imechukua siku tisa kufika na jibu langu litachukua siku nyingine tisa. Wale wanne umekwisha kuwaamulia mwenyewe, na najua umeamua sawa. Kwa huyo mliyemzika, poleni sana.

Waraka uache ukutani. Hausemi uongo, umeacha tu. Barua yetu ikunje uiweke mfukoni mwa gauni la kazi, uwasomee akina mama kwa sauti wakiwa bado wajawazito, mwezi wa saba au wa nane, kabla hawajafungua sanduku. Nguo zilowekwe kwa maji ya moto na sabuni, zifuliwe mara mbili, zianikwe juani siku mbili kamili. Nguo ikikauka na bado inanuka, isimguse mtoto. Sisi hatuna muhuri wa kukupa. Msimamizi wako akikuuliza nani kakuambia, mwambie ni mimi, mwanakemia niliyeacha kazi Taasisi, aniandikie.

Nakutumia vijikaratasi arobaini. Nimevipima hapa, kwa mizani ya duka la dawa, kwa hiyo vya kwanza viwili vijaribu kwa damu yako mwenyewe kabla hujaviamini.

Hao wanne niandikie siku ya kumi walikuwaje, hata kama ni neno moja kila mmoja.

Chupa